Namlipa mshauri nasaha, lakini hanishauri

Shangazi, hujambo?

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, kifungua mimba katika familia ya watoto sita. Kwetu ni Vihiga, lakini ninafanya kazi Nakuru mjini katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Siku ya mazishi, baba mdogo alinishika mkono mbele ya waombolezaji akasema, "Kuanzia leo wewe ndiwe baba wa nyumba hii." Watu wakaitikia amina.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuja huku, nikaanza kwa kufagia duka hili ambalo leo ndimi ninayeshika funguo zake. Wadogo zangu wawili nimewasomesha hadi wakamaliza, na sasa wana maisha yao. Mmoja yuko chuo kikuu Kakamega, mwingine anasomea uuguzi, na kitinda mimba yuko sekondari. Zamani nilitaka kusomea afya ya mifugo, lakini hayo yalipita.

Shangazi, mshahara wangu haulali kwangu. Ukiingia tu, kabla sijafunga duka simu imeshaanza kulia. Mama anataka unga na dawa za presha. Shule inadai karo. Juzi yule wa Kakamega alinitumia picha ya mabati, bei ikiwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Eti anataka kuezeka isimba yake, kijumba cha kijana asiyeoa, kabla ya Desemba kwa sababu vijana wa rika lake wote wameshajenga. Nikamwambia sina. Akajibu, "Sawa dada, nimeelewa mahali tumefika." Maneno hayo yalinikaa kifuani wiki nzima.

Wiki hiyo hiyo nilimfokea mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi. Kosa lake lilikuwa kwamba alifungua fundo la kitambaa chake polepole na kuzipanga sarafu kwenye kaunta moja moja. Mke wa bosi alikuwa nyuma ya rafu za chakula cha kuku, akasikia. Hakunigombeza. Alinipa nambari ya mshauri nasaha, akasema, "Nenda uongee na mtu kabla hujalipuka."

Nimekwenda mara kadhaa. Kila kipindi ni shilingi 1,500, na kwangu hizo si pesa za kuchezea. Mshauri mwenyewe ni kijana ambaye huenda nimemzidi umri. Nikimweleza mambo ya nyumbani ananisikiliza kweli, hatazami simu wala saa. Lakini hasemi la kufanya! Nikisema, "Lazima nitume pesa," ananiuliza, "Ukisema lazima, ni sauti ya nani unayoisikia?" Nikisema nimechoka, anasema, "Umechoka kiasi cha kutamani mtu mwingine ashike usukani." Hilo si nimelisema mimi mwenyewe? Mara ya mwisho aliniuliza, "Na wewe unataka nini?" Nikanyamaza. Sikuwa na jibu. Nililia kwa hasira mpaka nikaona aibu. Ajabu ni kwamba usiku ule nililala fofofo, jambo ambalo lilikuwa limenitoka kwa muda mrefu.

Nilipomuuliza kwa nini haniongozi, alisema yeye hufuata mkabala wa kibinadamu na anaamini majibu ninayo mimi. Kama majibu ninayo, namlipia nini? Mwenzangu kazini alinionyesha kwenye simu ile picha ya piramidi ya Maslow inayopanga mahitaji ya binadamu kutoka chini hadi juu, akasema mimi bado niko chini kabisa na sitafika juu nisipoacha kubeba watu. Mama naye amesikia kwamba ninaenda kwa mshauri, anasema hayo ni mafunzo ya wazungu ya kumtenga mtu na damu yake.

Niambie wewe basi, maana yule hataki. Niendelee kutuma pesa au niache? Na huyu mshauri, nimwendee tena au nimwache?

Kifungua Mimba, Nakuru

*

Hujambo, mwanangu. Pole kwa mzigo, na pole kwa baba.

Nianze na huyo kijana, kwa kuwa mambo ya pesa tutayafikia na hayakimbii. Unashangaa kwamba mshauri hatoi ushauri. Mimi ninayeishi kwa kutoa ushauri gazetini ningepaswa kushangaa zaidi yako, lakini sishangai. Kazi yake na yangu hazifanani. Mimi nimesoma barua moja ya mtu nisiyemjua na nitasema neno langu, ulichukue au uliache. Yeye unakaa naye ana kwa ana, wiki baada ya wiki. Na ukitazama watu wanaokuzunguka, nani hajakwambia la kufanya? Baba mdogo alikwambia. Mama anakwambia, mdogo wako anakwambia kwa picha ya mabati, mwenzako kazini anakwambia kwa piramidi. Sasa umempata mtu mmoja Nakuru nzima asiyekutuma popote, na huyo ndiye anayekuudhi.

Huo mkabala wake haukuzuka jana. Katikati ya karne iliyopita kulikuwa na kambi mbili kubwa za saikolojia Marekani. Moja ilimfuata daktari Sigmund Freud, ikimtazama mtu kama anayesukumwa na mambo yaliyofichika ndani yake tangu utotoni. Nyingine ilitazama tabia tu, ikasema mtu hufinyangwa na tuzo na adhabu. Wakatokea wengine, akiwemo Carl Rogers na Abraham Maslow, wakasema kambi zote mbili zimemsahau mtu mwenyewe, mtu anayechagua, anayetafuta maana na anayeweza kukua. Ndiyo maana saikolojia ya kibinadamu iliitwa nguvu ya tatu.

Rogers ndiye babu wa huyo kijana wako kikazi. Alizaliwa mwaka 1902, na alipoanza kazi mwaka 1928 kule Rochester, jimbo la New York, katika idara ya watoto wenye matatizo, alikuwa mtoaji ushauri kama mimi. Alikaa huko miaka 12. Yeye mwenyewe alisimulia habari ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto mtundu kupita kiasi. Rogers alishajua, au alidhani anajua, kwamba chanzo ni mama kumkataa mtoto alipokuwa mdogo, akajitahidi kwa upole wote kumfanya mama aone hivyo. Vikao vikapita, wapi! Mwishowe wakakubaliana kwamba wameshindwa, wakapeana mikono. Mama akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akauliza, "Huwa mnawapokea watu wazima hapa?" Akarudi kitini akaanza kumimina habari za ndoa yake, jinsi alivyokata tamaa, mambo ambayo hayakuwamo kabisa katika maelezo safi aliyokuwa ametoa mwanzoni. Rogers akasikiliza tu, na hapo ndipo hali ikaanza kubadilika, ya mama na ya mtoto pia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtaalamu alikuwa amejichosha bure kumhesabia mwenzake kunguni.

Mwaka 1957 Rogers aliandika makala mashuhuri akitaja mambo ambayo yakiwepo kati ya mshauri na mteja, mtu hubadilika. Matatu ndiyo hukumbukwa zaidi. Mshauri awe mkweli, asijifiche nyuma ya cheo chake. Amkubali anayemsikiliza bila masharti, yaani asimpende zaidi akisema hili na kumpunguzia heshima akisema lile. Tena ajitahidi kuuona ulimwengu kwa macho ya huyo mtu, kisha amwonyeshe kwamba ameuona.

Hilo la mwisho ndilo linaloelekea kukukera, unaposema anarudia maneno yako. Rudi kwenye barua yako. Wewe ulisema umechoka. Yeye akasema umechoka kiasi cha kutamani mtu mwingine ashike usukani. Usukani haukuwa wako, aliuleta yeye. Alikuwa anakuuliza kwa njia ya kauli kama amekuelewa, na ulikuwa na haki ya kumwambia, "Hapana, si hivyo." Ni kweli wapo washauri waliokariri njia hii wakabaki kasuku, kila neno wanakurudishia lilivyo. Rogers mwenyewe alikasirishwa sana na watu walioigeuza kazi yake kuwa mchezo wa kurudia maneno, hata akasema kwa miaka kadhaa aliacha karibu kabisa kuzungumzia usikilizaji wa namna hiyo. Kwa mfano ulionipa, sidhani wako ni kasuku.

Sasa yale ya kaburini. Hapa nataka tukae kidogo.

Rogers alisema kila mtoto anahitaji kupendwa na kuthaminiwa, na watu wazima mara nyingi humpa thamani hiyo kwa masharti. Ukiwa mtulivu wewe ni mtoto mzuri. Ukishika nambari ya kwanza wewe ni wetu. Mtoto huyameza masharti hayo, akikua hahitaji tena mtu wa kumkumbusha, anajikumbusha mwenyewe. Akifanya kinyume anajiona si kitu, hata kama hakuna aliyemlaumu. Wewe sharti lako ulipewa hadharani, ukiwa na sare ya shule, mbele ya jeneza la baba yako, na kijiji kizima kikaitikia amina. Hukupewa nafasi ya kulia kama mtoto aliyefiwa, maana dakika ile ile ulikuwa umeshafanywa baba. Simlaumu baba mdogo. Huenda alidhani anakupa heshima, na huenda yeye mwenyewe alikuwa anaogopa kwamba mzigo utamwangukia. Lakini mdogo wako anapoandika "nimeelewa mahali tumefika", hakunyimi kitu. Hana cha kukunyima. Anagusa tu pale pale: bila kutoa, wewe ni nani katika nyumba hii? Ndiyo maana maneno machache ya kijana anayetaka mabati yalikukosesha amani wiki nzima.

Kwa hiyo swali la mshauri, kwamba lazima hiyo ni sauti ya nani, si mchezo wala si uvivu. Ni swali lililogonga penyewe. Hasira yako ni dalili mojawapo, na usingizi ule wa fofofo ni dalili nyingine.

Mama anasema haya ni mafunzo ya wazungu ya kumtenga mtu na damu yake. Usimpuuze, kwa sababu hata wasomi wamewahi kutoa lawama hiyo, kwamba mkabala huu umezaliwa Marekani, mahali ambapo mtu mmoja huhesabiwa kwanza na ukoo baadaye, na kwamba unaweza kumfanya mtu ajitazame mno. Mimi lawama hiyo naikubali nusu. Yupo mshauri mbaya atakayekwambia, "Jipende kwanza, wengine watajijua." Huyo hajamwelewa Rogers, na Vihiga haijui kabisa. Lakini wako hajakwambia uache kutuma. Amekuuliza unataka nini. Huenda ukajichunguza ukakuta unataka sana kitinda mimba amalize shule, kwamba hilo ni lako, linakupa furaha, na ungelifanya hata kama baba mdogo hangesema lolote. Ukikuta hivyo, utatuma karo na hutapungukiwa na kitu moyoni. Kinachokumaliza ni kutuma kwa hofu, ukidhani usipotuma utafutwa jina.

Na hiyo piramidi, mwambie mwenzako airudishe mfukoni. Maslow aliandika makala yake ya mahitaji ya binadamu mwaka 1943, na hakuchora piramidi yoyote humo. Ile picha ililetwa baadaye na watu wa mambo ya usimamizi wa biashara. Yeye alitaja mahitaji ya mwili, usalama, upendo na kuwa wa watu fulani, heshima, kisha mtu kujitimiza. Na alionya kwamba si ngazi ya kupanda hatua moja baada ya kumaliza nyingine kabisa. Alitoa hata tarakimu za mfano tu, kwamba mtu wa kawaida anaweza kuwa ametoshelezwa mahitaji ya mwili kwa asilimia 85, usalama 70, upendo 50, heshima 40 na kujitimiza 10, yote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hakuna aliyekufungia chini. Tena Maslow mwenyewe alikuwa kifungua mimba wa watoto saba, wa wazazi wahamiaji huko Brooklyn. Sidhani angekushangaa.

Nikupe kazi ndogo, nayo nimeiazima kwa watu wa Rogers. Kule Chicago, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1954, waliwapa wateja kadi 100 zenye kauli fupi za mtu kujieleza. Mteja alizipanga mara mbili, kwanza jinsi alivyojiona, kisha jinsi alivyotamani kuwa. Kabla ya ushauri, mipangilio hiyo miwili haikuoana karibu kabisa. Baadaye ilisogeleana. Wewe huhitaji 100. Kata vipande vya karatasi ya daftari, uandike kauli zako mwenyewe: ninachoka haraka, napenda kazi ya mifugo, sipendi kukataa, naogopa mama akinuna. Zipange kwa jinsi ulivyo, uandike mpangilio. Kisha uzipange kwa jinsi ungependa kuwa. Halafu mimi nakuongezea ya tatu, ambayo wao hawakuiweka: jinsi nyumbani wanavyotaka uwe. Nenda na karatasi hizo kwa mshauri.

Nimeona pia kwamba katika barua yako yote ndefu, umetaja jambo moja tu ulilowahi kulitaka kwa ajili yako, ukalizika papo hapo. Afya ya mifugo. "Hayo yalipita," umesema. Yalipita wapi, na wewe unashinda kutwa nzima ukiwaeleza wafugaji dawa ya kupe na ya minyoo? Sikwambii ukasome. Nakwambia tu nimeliona, na ningependa na yeye alisikie.

Sasa pesa. Nilisema nitatoa neno langu, hili hapa. Karo ya sekondari na dawa za mama usiziguse sasa. Mtu hafanyi uamuzi mkubwa akiwa na hasira na hana usingizi. Mabati ni jambo jingine. Kijana wa chuo kikuu ana mikono, na isimba ni ya mwenye nayo. Muulize kama ameomba mkopo wa HELB, na yule wa uuguzi pia, kwa sababu mikopo hiyo ipo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya kati. Wale wawili waliomaliza, mbona hawatajwi popote katika barua yako? Umewasomesha ukawaacha waende bila deni. Waambie wachukue dawa za mama, hata kwa zamu. Na usiyaseme haya kwa ujumbe wa simu. Panda matatu, nenda nyumbani, keti na mama jikoni, umweleze mshahara wako ni kiasi gani na unaishia wapi. Nina hakika hajui. Wazazi wengi wa vijijini hudhani mtoto anayeshika funguo za duka la watu ameshika na pesa za duka.

Kuna jambo ambalo huyo mshauri wako pengine hatakwambia, nami nitalisema. Mkabala wake una mipaka. Rogers alidai yale mambo aliyoyataja yanatosha kumbadilisha mtu. Watafiti wengi baadaye walikubali kwamba uhusiano mzuri na mshauri ni muhimu mno, lakini hilo la kutosha wakalitilia shaka. Uingereza, huko Sheffield, walilinganisha tiba ya mkondo huu na ile ya kubadili fikra na mienendo kwa watu wenye sonona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti ya maana. Baada ya miezi 12 ile ya kubadili fikra na mienendo ilikuwa imetangulia. Kwa hiyo ukiona huzuni haiondoki, huli, huna nguvu ya kuamka, au mawazo ya kujidhuru yanakupitia, usingoje kipindi kijacho wala barua yangu. Nenda hospitali ya kaunti hapo Nakuru, useme hivyo hivyo. Na bila ya kuomba radhi, muulize kijana amesomea wapi na amesajiliwa wapi. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia inayotaka wasajiliwe, na mwenye kazi safi hachukii swali hilo.

Umuendee tena? Mwendee mara moja zaidi, na usianze na habari za nyumbani. Mwambie yale uliyoniandikia mimi: kwamba umemkasirikia, kwamba unaona pesa zako zinapotea, kwamba swali lake lilikuliza ukaona aibu. Mwambie ukimtazama usoni. Wewe hujazoea kumwambia mtu kwamba hakutoshelezi, umezoea kutosheleza wengine, kwa hiyo ulimi utakuwa mzito. Kisha mwangalie atafanya nini. Akianza kujitetea, akakutajia vitabu na vyeti vyake, au akanuna, mlipe, umshukuru, utafute mwingine. Akiipokea hasira yako bila kutikisika, akataka kuielewa, na akakueleza waziwazi anafanya nini na kwa nini, basi weka miadi nyingine. Na umuulize kama hizo 1,500 zinaweza kupunguzwa. Wengi wao hukubali, ila hawaulizwi.

Shangazi